Kwani Marekani ukikosoa nchi yako ushakuwa adui?

KijanaWaUmoja2

Niaje wadau. Hili swali linaweza kuonekana la mtu asiye na kazi lakini limenikaa kichwani tangu jumamosi, na kichwa chenyewe kilikuwa kimenyolewa nusu, nitaeleza.

Nilikuwa kwa kinyozi wangu hapa karibu na steji, tivi iko juu ya kioo kama kawaida, wakawa wanaonyesha mambo ya Wamarekani kufikisha miaka 250 ya uhuru tarehe 4 Julai 2026, mara wakaweka ile vidio ya zamani ya Kaepernick, yule jamaa wa ile mpira yao ya kubebwa na mikono, amepiga goti wimbo wa taifa ukiimbwa, kupinga weusi kuonewa na polisi. Kinyozi wangu, mtu ambaye hajavuka hata Namanga, akasema huyo alistahili kufutwa kazi, eti mtu akiaibisha nchi yake ni kama ametukana mama yake mzazi mbele ya wageni. Kuna mzee alikuwa kwa benchi anangoja zamu, akauliza tu polepole, na mama akiwa amelewa chakari barabarani, ukimwambia mama twende nyumbani, umemtukana?

Basi. Mashine ikazimwa. Upande wa kushoto umenyolewa, wa kulia bado, shuka iko shingoni, na hao wawili wanabishana juu ya katiba ya Marekani kama ni wao waliandika. Nimekaa hivo karibu nusu saa, kuna mtoto alipita akanicheka.

Sasa swali. Mimi hufuatilia siasa za huko kwa simu na naona kila mtu akisema nchi yao ilikosea, iwe ni utumwa, polisi, vita ya Iraq, chochote, anaambiwa anachukia Marekani. Wako hata na neno lao la kusema mtu au wazo "si la Kimarekani". Hilo neno lilitoka wapi? Juu mimi sijawahi kuskia mtu hapa akiambiwa maoni yake si ya Kikenya. Anaulizwa jina la baba yake, inaishia hapo. Mwenye maelezo anisaidie, na tafadhali si matusi ya Trump na Biden, hizo nishasoma za kutosha.

jaba_na_njugu

Buda kwanza rudi umalizwe huo upande wa kulia.

Jibu ni fupi. Aliye ndani ya serikali hupenda bendera, aliye nje hupenda ukweli, wakibadilishana viti wanabadilishana na mapenzi. Usipoteze bando.

Nimerudi254

@jaba_na_njugu hio ni rahisi sana, na si kweli yote. Nimekaa Minnesota miaka kumi na moja, kazi ya usiku ya kuangalia wazee, na hapo kwa wazee ndipo utajua Wamarekani, saa tisa ya usiku mzee amekosa usingizi anakupa historia yote ya nchi.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni shule ya msichana wangu. Alikuwa darasa la pili. Siku moja jioni tuko mezani, ugali bado unatoa moshi, akasimama akaweka mkono kifuani akakariri kile kiapo chao cha bendera neno kwa neno na ile lafudhi yao, mimi na mama yake tukaangaliana. Kila asubuhi wanasema hivo. Halafu akatuambia kuna kijana darasani kwao huwa hasimami, anabaki ameketi na mwalimu hamsemeshi kitu. Mimi kwa akili yangu ya Kenya nikajua huyo mtoto anangoja viboko. Nikauliza mwalimu siku ya wazazi, akaniambia ni haki yake, mahakama ya juu ilishasema tangu 1943. Nikaenda kusoma. Walikuwa watoto wa Mashahidi wa Yehova huko West Virginia, walikataa kusalimu bendera wakafukuzwa shule, mahakama ikaamua serikali haiwezi kumlazimisha mtu kukiri kitu asichokiamini. Na angalia mwaka, 1943, katikati ya vita na Hitler, vijana wao wanakufa kila siku. Miaka mitatu tu nyuma, 1940, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kinyume, kwamba watoto walazimishwe. Kwa hivyo hata majaji walianguka wakaamka.

Sasa swali lako la neno. Mimi nilivyoelewa ni hivi. Mimi ni Mkenya kwa sababu babu yangu amezikwa huko kwetu, sikupita mtihani. Kule nilipita mtihani. Kweli kabisa, unaketi na afisa anakuuliza kwa nini bendera ina mistari kumi na tatu, wimbo wa taifa unaitwaje, halafu siku ya kiapo mnawekwa ukumbini, kando yangu alikuwa mama Msomali, nyuma familia ya Wahmong, mbele mzungu wa Urusi, sote tunakana wafalme na mamlaka ya kwetu kwa mdomo mmoja, unapewa kibendera kidogo cha kijiti. Mama Msomali alilia. Mimi nilikuwa nafikiria gari limeegeshwa vibaya nje.

Lakini ndio ujue, mkishafanya watu wa kila rangi kuwa taifa moja kwa kukubali maneno fulani, yale ya 1776, kwamba watu wote wameumbwa sawa, basi anayeyatilia shaka hayo maneno mnamuona kama ametoka kabila. Sisi huwezi kutoka kabila kwa maoni. Wao wanaweza kukutoa. Hilo neno linatoka hapo.

mlipakodi_Ruai

@Nimerudi254 umeeleza vizuri lakini usiwapake mafuta. Eti taifa la maneno. Obama si alikuwa na maneno yote, tena kuwashinda? Na bado walimsumbua mpaka Aprili 2011 akatoa cheti cha kuzaliwa kirefu mbele ya dunia, watu wanaapa alizaliwa huku kwetu. Huko Kogelo watu walikuwa wanashangaa tu.

Nimerudi254

Hapo umenishika. Na ongeza Julai 2019, Trump aliwaandikia wabunge wanne wanawake warudi walikotoka, na watatu kati yao wamezaliwa hapohapo Marekani. Wa nne ni Ilhan Omar, ambaye hata aliwahi kuishi kambi ya wakimbizi hapa Kenya, na ni raia wa kule tangu 2000. Kwa hivyo ndio, maneno yapo, lakini kuna watu wakikosoa wanaambiwa umekosea, na kuna wengine wakikosoa neno lilelile wanaambiwa rudi kwenu.

mwalimu_wa_historia

Vijana nimefurahi kuona mjadala usio wa mpira. Nimefundisha miaka mingi, sasa ni mstaafu, niko na muda wa kutosha, mnivumilie.

Kijana wa Umoja umeuliza neno lilitoka wapi. Neno lenyewe ni la zamani, lakini lilipewa ofisi mwaka 1938, Bunge lao lilipounda kamati ya kuchunguza shughuli "zisizo za Kimarekani". Hilo ndilo lilikuwa jina lake rasmi. Kamati ilidumu mpaka 1975. Fikirieni hapo kidogo, bunge linaketi kupima nani ana mawazo ya Kimarekani na nani hana.

Mmoja aliyeitwa mbele ya kamati hiyo ni Paul Robeson, na huyu nawapa kwa sababu anatuhusu. Mwimbaji mkubwa, mwigizaji, mwanasheria kwa masomo, mtu mweusi ambaye baba yake alizaliwa mtumwa akatoroka. Miaka ya 1930 alikuwa London na huko alisoma Kiswahili chuoni. Ndiyo, Kiswahili hiki tunachokiandika vibaya hapa. Na alicheza filamu moja huko ambayo Mzee Jomo Kenyatta, wakati huo mwanafunzi asiye na pesa, alionekana kama mmoja wa watu wa nyuma. Sasa Robeson aliporudi kwao akasema wazi kuhusu weusi kunyongwa na makundi ya wazungu, na akawasifu Warusi kuliko ilivyostahili (hilo nalo tuseme, alinyamazia mabaya ya Stalin). Mwaka 1950 wakamnyang'anya pasipoti. Miaka minane mtu wa kuimba dunia nzima amefungiwa nyumbani, akairudishiwa 1958. Mwaka 1956 wakamuita kwenye kamati wakamuuliza, kama unawapenda Warusi hivyo mbona hukubaki huko? Akawajibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, na watu wake walikufa wakiijenga nchi hii, na atakaa hapahapa apate sehemu yake kama nyinyi.

Huyo mzee wa kwa kinyozi alisema kitu kilekile na mama mlevi. Hasemi mama si wangu. Anasema ni wangu ndiyo maana siendi popote.

Na si Robeson aliyeanza. Frederick Douglass alitoroka utumwa 1838, na mwaka 1852 akaitwa mji wa Rochester kuhutubia sherehe za uhuru. Alizungumza tarehe 5 Julai, si tarehe 4. Akaanza kwa kuwasifu waliopigania uhuru wa 1776, akawaita mashujaa. Halafu akawageukia: hii tarehe 4 Julai ni yenu, si yangu, nyinyi mnasherehekea mimi naomboleza. Wengi wanaomnukuu huishia hapo kwa sababu ni tamu. Lakini mwishoni mwa hotuba alishika ile katiba yao akasema ni hati ya uhuru, someni mlichoandika. Hakuleta kitabu kingine. Aliwafungulia chao.

jaba_na_njugu

Mwalimu hio ya Kenyatta kuwa kwa filamu imeniharibia usingizi. Mbona shuleni hatukuambiwa

mlipakodi_Ruai

Mwalimu heshima, lakini wacha niwe mbaya kidogo maana hapa kila mtu anaelekea upande mmoja.

Mnasema kukosoa ni mapenzi. Si kila wakati. Mimi nina binamu yangu kila sherehe ya familia lazima asimame aeleze makosa ya babu. Babu alioa wake wanne, babu aliuza shamba, babu hivi. Ni ukweli wote! Lakini amesema mara kumi na hajawahi kuchangia hata kilo ya sukari. Huyo si mkosoaji, huyo anapenda kusikika. Na kule Marekani wapo wa aina hiyo wengi, hasa wa mitandao, nchi yao kwao ni uchafu mtupu na bado hawahami na hawarekebishi kitu.

Halafu kuna hii ya kuandika historia upya. Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilitoa ule mradi wa 1619, mwaka ambao Waafrika wa kwanza waliuzwa Virginia, wakasema hapo ndipo nchi ilipoanza kweli. Sawa, ni hoja. Lakini walikuwa wameandika kwamba wakoloni wale walitaka uhuru kwa sababu kubwa ya kulinda utumwa, wanahistoria watano wakapinga kwa barua Desemba hiyo, na Machi 2020 gazeti likarekebisha likasema ni "baadhi" yao. Ukikosoa nchi hakikisha tarehe zako ziko sawa, la sivyo unawapa wale wengine fimbo. Na fimbo waliichukua, Trump akaunda tume yake ya 1776, ripoti ikatoka tarehe 18 Januari 2021, siku mbili baadaye Biden anaapishwa anaivunja siku hiyohiyo. Watoto wa shule wako katikati hawajui wasome gani.

Nimerudi254

Ya binamu nimecheka, kila familia iko na mmoja.

Lakini huo mradi uliusoma mwenyewe ama uliusoma kwa wanaoupinga? Juu mwandishi wake, Nikole Hannah-Jones, anaanza na bendera. Baba yake alikuwa amehudumu jeshini, wanaishi Iowa, nyumba ina rangi imebambuka, lakini bendera ya mbele ya nyumba ikichanika kidogo tu mzee anaweka mpya. Na msichana akiwa mdogo anaona aibu, anajiuliza baba anapeperushaje bendera ya nchi iliyomtendea hivi. Makala nzima ni yeye kuja kuelewa kwamba baba alijua anachofanya. Hapo pa tarehe nakubali walikosea na ilibidi warekebishe. Lakini huyo si binamu yako. Huyo ameleta sukari.

Na kuhusu Kaepernick ambaye ndiye alianzisha vita kwa kinyozi, watu hawajui kwamba mwanzo, Agosti 2016, alikuwa anaketi tu kwa benchi wimbo ukiimbwa. Mwanajeshi mstaafu anaitwa Nate Boyer akamwandikia kwamba ameumia, wakakutana wakaongea, na huyo mwanajeshi ndiye akamshauri afadhali apige goti, kwa sababu askari hupiga goti kwa kaburi la mwenzao. Kwa hivyo lile goti lililoitwa matusi kwa jeshi lilitoka kwa mwanajeshi. Hakusajiliwa na timu yoyote tena baada ya msimu huo.

mwalimu_wa_historia

Na kabla yake, Mexico 1968. Michezo ileile ambayo Temu alituletea dhahabu ya kwanza ya Kenya na Keino akawaacha Wamarekani kwenye mita 1500. Wakimbiaji weusi wa Marekani, Tommie Smith na John Carlos, walipanda jukwaa bila viatu, soksi nyeusi, glavu nyeusi, wakainua ngumi wimbo wao ukipigwa. Wakafurushwa kwenye michezo. Mwaka 2019 kamati ya olimpiki ya kwao hiyohiyo ikawaingiza kwenye orodha ya mashujaa. Miaka 51. Wanaokosoa huwa wanachukiwa wakiwa vijana wenye misuli, wakishazeeka na magoti yanauma wanapewa nishani.

KijanaWaUmoja2

Sikujua nitapata darasa hivi, asanteni. Lakini mwalimu nirudi kwa swali langu la pili, mbona sisi hatuna hilo neno? Ama tuko huru kuwashinda?

mwalimu_wa_historia

Tulikuwa nalo mwanangu, ulikuwa hujazaliwa. Liliitwa "mpinga Nyayo", yaani mtu asiyefuata nyayo za Rais Moi. Ulipelekwa kwenye vyumba vya mateso vya Nyayo House, Nairobi, ukakaa kwenye maji kwa hilo. Septemba 1984 Rais Moi aliporudi kutoka Addis Ababa alisema wazi kwamba anataka mawaziri na kila mtu waimbe kama kasuku, aimbe yeye nao wafuate, kama yeye alivyoimba wimbo wa Kenyatta. Na kiapo cha gwaride la shule nilikiongoza mimi mwenyewe, kila wiki, nimevaa tai: naahidi utiifu wangu kwa Rais na taifa la Kenya. Sikilizeni mpangilio. Rais kwanza, taifa baadaye. Cha Wamarekani kinaanza na bendera, halafu jamhuri, rais hayumo kabisa.

Kwa hivyo wao mtu akishtakiwa, anashtakiwa kwa kuisaliti Marekani, na anaweza kujibu kwa maneno ya Marekani yenyewe kama Douglass. Sisi ulishtakiwa kwa kutofuata nyayo za mtu. Utajibu nini? Utasema nyayo si hizo?

mama_bendera

Mimi huwa nasoma tu siandiki, lakini hapa wacha niseme.

Nauza bendera mjini, na vuvuzela wakati wa mechi. Biashara yangu kwa mwaka ilikuwa mara tatu, Madaraka, Mashujaa, Jamhuri, na wateja ni madereva wa wakubwa na watu wa ofisi wanaoambiwa wapambe. Juni 2024, ile wiki ya maandamano ya kupinga mswada wa fedha, nilimaliza gunia lote siku mbili. Vijana watupu, wananunua bendera moja wanagawana pesa wanne, mmoja anaivaa mgongoni kama leso. Kuna msichana alinipa mia mbili akasema mama baki na chenji, nikamuuliza unaenda wapi na hio, akasema bunge. Walikuwa wanaimba wimbo wa taifa wakipita, haki iwe ngao na mlinzi, mimi ile beti nilikuwa naiimba tangu shule na sikuwahi kuiskia.

Usiku tarehe 25 tukaambiwa kwa tivi kwamba ni uhaini. Nikaangalia lile gunia tupu nikajiuliza mimi nimeuza nini.

Mwezi wa kumi na mbili madereva wakarudi kununua za Jamhuri. Nilikuwa nimeleta mzigo mwingine kutoka kwa mshonaji yuleyule. Bei ileile.

jaba_na_njugu

mama heshima yako. sina la kuongeza

mlipakodi_Ruai

Mimi pia nilinunua moja wiki hiyo, pengine ni kwako. Na bado nasimamia ya binamu.

Nimerudi254

@mama_bendera kule hata kuichoma ni haki. Jamaa aliichoma Dallas 1984, kesi ikafika mahakama ya juu, 1989 wakaamua majaji watano kwa wanne kwamba asifungwe. Mmoja wa hao watano, Scalia, alikuwa mhafidhina kabisa na alisema baadaye angekuwa yeye ndiye mfalme angewafunga wote wanaochoma, ila yeye si mfalme. Na bado hawajaacha, Agosti 2025 Trump alitia saini amri ya kuwafuata wachomaji. Mimi siwezi kuichoma ya mtu yeyote, nililelewa vingine, lakini hio ya "mimi si mfalme" huwa naikumbuka sana.

KijanaWaUmoja2

Wadau mrejesho. Leo nimerudi kwa kinyozi akanimaliza upande wa kulia, bure, alisema alikuwa na deni langu. Yule mzee alikuwepo tena, nafikiri huwa hanyolewi, huja tu kukaa. Nikawasomea ya goti na mwanajeshi, kinyozi akanyamaza kidogo akasema basi angesema mapema. Nikawasomea ya Robeson yote hadi mwisho, mzee anatingisha kichwa taratibu.

Kinyozi akazima mashine tena, nikajua yameanza. Akaniuliza, na Kenyatta kwa hio filamu alilipwa ngapi?

Mwalimu, njoo.